Tuta la Mwenye Shamba, Usingizi wa Jirani

Kilichotupendeza mwanzo ni kibustani cha mchicha. Ulikuwa mwisho wa kaskazi, wakati ambao nchi ya Kinango huwa imekauka kabisa, mibuyu haina jani, na mbuzi hula hata makaratasi. Katikati ya ukame huo, chini ya tuta la lambo la shamba tulilolizuru, palikuwa na vitalu vinne vya mchicha na kunde, kijani kibichi cha kuburudisha macho. Mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye mumewe alistaafu kazi Mombasa wakahamia shambani, alituchumia fungu zima na kutueleza kwa furaha: "Hapa sitii hata kata moja ya maji, wanangu. Pamelowa penyewe, mwaka mzima. Ni rehema ya Mola tu."

Tulihimidi, tukaula mchicha huo adhuhuri kwa wali na papa mkavu. Lau si kijana mmoja tuliyefuatana naye, tungalirejea mjini na kuwaandikia wasomaji wetu makala ya furaha tupu kuhusu familia iliyojichimbia lambo lake yenyewe. Kijana huyo amefanya kazi ya kusimamia malambo ya mashamba kwa miaka kadhaa. Alipokwisha kunawa aliondoka pasi na kusema neno, akaenda kuchutama penye mchicha. Aliporudi alimwuliza mwenyeji wetu kwa adabu, "Mama, haya maji yanayochuruzika pale chini, huwa safi siku zote, au kuna siku hutoka na rangi ya udongo?"

"Masika yaliyopita yalikuwa na rangi kidogo," mama alijibu. "Sasa ni safi."

Kijana alinyamaza, akamtazama mzee mwenye shamba. Kimya kile ndicho kilichotufanya tuandike haya.

Hatuandiki kwa kuyabeza malambo. Anayeishi Kibokoni au Kisauni, hata kama mfereji wake hutoa maji mara mbili kwa juma, hajui vizuri maana ya kuamka alfajiri na kutembea hadi jua kali kwa ajili ya mtungi mmoja wa lita 20. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku, ambayo ni lita 100 tu za kupikia, kuoshea, kutawadhia na kunyweshea ndama, huhitaji mtu wa kuibeba kila siku ya Mungu, na mtu huyo aghalabu ni mwanamke au binti aliyestahili kuwa darasani. Lambo la karibu humrudishia mwanamke nusu ya siku yake. Mwenyeji wetu alituambia kwamba tangu lichimbwe, miaka sita iliyopita, wasichana wa majirani hawakosi tena chuo asubuhi. Maneno hayo tunayaamini.

Lakini lambo lina maadui, na wa kwanza ni jua. Katika nchi ya nyuma ya pwani yetu jua na upepo huweza kunyanyua takribani mita 2 za kina cha maji kwa mwaka. Lambo lenye kina cha mita 3 basi hubakisha mita 1 tu kwa ng'ombe. Ndipo mwenye lambo huanza kufikiri namna ya kuyabakisha maji zaidi. Wengine huongeza kimo cha tuta kwa udongo mkavu usioshindiliwa. Wengine, kama alivyofanya mzee wetu, huziba kwa magunia ya mchanga ile njia ya pembeni ambayo fundi aliiacha ili maji ya ziada yapate pa kutokea. "Nilikuwa nayaona yakipita bure," mzee alijitetea, "na mimi nimeyalipia tingatinga." Ukimsikiliza, utaona ana haki. Nani atakayetazama maji yakienda zake mwezi wa Mei, huku akijua Januari inamngoja?

Hapana Mkenya mtu mzima asiyelikumbuka jina la Solai. Usiku wa Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, wiki moja hivi kabla ya Waislamu kuanza kufunga Ramadhani ya mwaka ule, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa nchini kote. Bwawa lilikuwa juu, watu walikuwa chini. Maji yalishuka na matope, mawe na miti, yakazoa nyumba pamoja na waliokuwamo. Waliokufa hawakupungua 47, wakiwamo wanawake na watoto wengi, na mamia walibaki bila makao. Baadaye watu kadhaa, miongoni mwao mwenye shamba na maofisa wa serikali, walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia, nao waliyakana. Kuwahukumu si kazi yetu. Tunalolitazama sisi ni jambo dogo zaidi: kwamba waliofukiwa na matope usiku ule hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya tuta lile. Halikuwa lao. Hawakuwa na idhini ya kulipanda kulitazama, wala hapakuwa na aliyewajibika kuwajibu lau wangaliuliza.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya nyumba, ambapo ukuta ukianguka humwangukia mwenyewe na hasara yake humfunza. Mwenye lambo kwa kawaida hujenga nyumba yake juu, penye upepo. Wanaolala mbele ya tuta ni wengine.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo, na tupige hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji ni lita 1,000, na uzito wake ni tani moja. Lambo dogo la mita za ujazo 10,000 ambalo watoto huweza kulizunguka kwa mchezo, limebeba tani 10,000, sawa na malori 1,000 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa juu ya kilima yakizuiwa na ukuta wa udongo. Sasa tazama mvua. Milimita 50 zikinyesha usiku mmoja juu ya kilomita moja ya mraba ya ardhi, ni mita za ujazo 50,000. Tuseme robo yake tu ndiyo inayoteremka hadi lamboni, nyingine ikanywewa na ardhi. Hiyo robo ni 12,500, zaidi ya lambo zima, katika usiku mmoja, na pengine lambo lilikuwa limekwisha kujaa wiki iliyotangulia. Maji hayo yasipopata njia ya pembeni yatapita juu ya tuta. Na udongo hauwezi kuvumilia maji yanayopita juu yake: huanza kwa kijifereji cha upana wa kiganja, kisha kijifereji hujichimba chenyewe, na kinachofuata hakihesabiwi kwa saa.

Hiyo ni njia moja ya tuta kufa. Ya pili haina kelele, nayo ndiyo iliyomnyamazisha kijana wetu. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Hilo peke yake si ajabu. Maji yanayochuruzika yakiwa safi, yanajichuja tu. Yakitoka na rangi ya udongo, maana yake yanabeba tuta lenyewe, chembe baada ya chembe, na ndani kunachimbika bomba lisiloonekana. Huweza kuanzia kwenye shimo la kenge au fuko, kichuguu cha mchwa kilichofukiwa bila kung'olewa, mzizi wa mti uliokauka ukaacha nafasi, au kandokando ya bomba la kutolea maji ambapo udongo haukushindiliwa vizuri. Kwa hiyo mti mzuri wa kivuli uliopandwa juu ya tuta si pambo. Tuta hupendezwa na ukoka tu, tena uliochungwa, na ng'ombe wasiachiwe kulipanda na kushuka mpaka wakatengeneza njia ya bonde katikati yake.

Kibustani cha mchicha, basi, kilikuwa kinanyweshwa na tuta.

Kuna watakaouliza: sheria haikuyaona haya? Imeyaona. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba rasilimali zote za maji nchini zimewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuzuia mkondo wa maji ajenge bwawa huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ardhi yaweza kuwa yako kwa hati, na udongo wa tuta ukawa wako kwa jasho lako, lakini maji yaliyo nyuma yake umepewa kuyatumia. Kanuni za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu: lenye kimo kisichofika mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000 liliwekwa katika daraja la chini la hatari. Lambo la mwenyeji wetu, lenye tuta la mita 4 hivi, laangukia humo. Twaliheshimu daraja hilo, ila halikutuondolea wasiwasi, kwa kuwa mgawanyo huo ulipima kimo na maji, na haukuhesabu vitanda vilivyo chini ya tuta.

Mzee alituambia neno ambalo tumelisikia pia kwa wengine: "Fundi alisema ni imara." Kwa neno hilo tunamsogezea msomaji kisa cha zamani. Mwaka 1860, huko Lancashire nchini Uingereza, mwenye kiwanda aitwaye John Rylands alijengewa bwawa dogo la kuendeshea kazi zake. Mafundi walikuta chini ya ardhi mashimo ya machimbo ya zamani, nao hawakuyaziba ipasavyo. Bwawa lilipojazwa, maji yalipenya humo na kufurika katika machimbo ya makaa ya mawe ya jirani yake, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakujua lolote. Aliajiri wajuzi na kuwaamini. Hata hivyo Baraza la Malodi liliamua mwaka 1868 kwamba hasara ni juu yake, kwa kuwa anayekusanya katika ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoroka, hukiweka kwa dhamana yake mwenyewe. Kanuni hiyo ilifika kwetu pamoja na sheria za Kiingereza na mpaka leo hutajwa katika mahakama za Kenya. Maneno ya fundi hayamkingi mwenye lambo.

Nasi Waislamu hatukuhitaji kungoja Lancashire. Yajulikana katika vitabu vya fikihi kwamba aliyechimba kisima au lambo ana haki ya kutangulia katika maji yake, lakini yaliyozidi haja yake haruhusiwi kumnyima mwenye kiu, awe mtu au mnyama, Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuyazuia maji ya ziada. Tena pana kisa cha Zubayr bin Awwam (R.A.) na Mwansari mmoja wa Madina waliogombania maji ya kunyweshea mitende, ambapo Mtume alimwelekeza Zubayr, aliyekuwa upande wa juu, amwagilie kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Masheikh wetu wanaweza kulifafanua hili vyema kuliko sisi. Tunachokidaka ni kwamba wa juu na wa chini walikwisha kutazamwa kwa jicho moja tangu zamani hizo, na kwamba jirani wa chini ana haki ya kuyapata maji kwa kadiri, si kuyakosa kabisa wala kuyapata yote usiku mmoja.

Jioni hiyo mzee aliita majirani. Tulidhani mambo yatakuwa mepesi: magunia yataondolewa, kina kitapungua, watu watashukuru. Haikuwa hivyo. Aliyepinga zaidi ni mwanamke mmoja ambaye nyumba yake, yenye watoto watano, iko hatua mia tatu hivi chini ya tuta. "Baba," alimwambia mzee, "ukiyapunguza maji, mimi Januari nitarudi kule kule. Mwaka mzima umetustiri, leo wageni wamekuja kukutia hofu." Kisha akatugeukia sisi: "Nyinyi kwenu mna mifereji."

Hatukuwa na jibu. Ni kweli tuna mifereji. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kuja na kalamu na kusema tuta ni hatari. Hatari ya kukosa maji yeye haioni kwa kuwa haikai mlangoni pake. Mama yule alikuwa amepima hatari mbili, akaichagua ile inayokuja mara chache badala ya ile inayokuja kila mwaka. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ila ilikosa jambo moja, nalo kijana wetu alimweleza taratibu, akiwa ameketi chini kwenye jamvi kama mtoto mbele ya shangazi yake: kwamba yale maji yenye rangi ya masika yaliyopita yalikuwa yametoka ndani ya tuta, na kwamba alikuwa akipanga na watoto wake kwa kudhani tuta ni lile lile la mwaka wa kwanza. Mama alimwuliza kwa nini hakuna aliyewaambia. Mwenyeji wetu, mwenye mchicha, aliinamisha kichwa. "Mimi niliyaona," alisema. "Nilidhani ni mvua."

Dada zetu na mama zetu, hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize. Wataalamu wa maji huja lamboni mara moja kwa mwaka, wakija. Mume huja kunywesha ng'ombe. Lakini anayelifikia lambo asubuhi na jioni, anayejua jana maji yalikuwa wapi na leo yako wapi, ni mwanamke mwenye mtungi. Ukiona pamelowa pasipokuwa pamelowa, ukiona ufa unaofuata urefu wa tuta, au sehemu yake imebonyea, au maji yamegeuka rangi, hiyo ni habari ya kusemwa siku hiyo hiyo hata kama msemaji hana hati ya shamba. Wala msiwaruhusu wanaume wakalizibe kwa udongo lile tundu linalotoa maji upande wa chini: yakizuiwa hapo yatajitafutia pengine, kwa hasira zaidi. Kinachofaa ni kulifunika kwa mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki, huku kina kikipunguzwa na mjuzi akiitwa. Na maji yakianza kutoka kwa nguvu yakiwa matope, hapana tena matengenezo. Ni kuamsha watu na kupanda ubavuni mwa bonde. Asiwepo wa kukimbia kulifuata bonde, wala wa kurudi kuchukua sanduku.

Katika masika ya 2024 serikali ilitaja mabwawa na mahodhi 178 ambayo watu wa karibu walitakiwa kuondoka. Siku chache kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yalikuwa yameua makumi ya watu Mai Mahiu. Watu walidhani ni bwawa lililopasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka na miti. Twalitaja hili kwa sababu tuta lile halikukusudiwa kuzuia maji hata kidogo. Mvua haijali jina la kitu.

Pana madhara mengine ya lambo ambayo hayangoji masika. Watoto huzama, hasa pale ambapo kingo zimechimbwa wima na matope yanateleza. Na Kwale ni nchi ya kichocho. Konokono wake huishi katika maji yaliyotuama, na mtoto anayeogelea lamboni leo huweza kukojoa damu miezi ijayo, jambo ambalo wavulana wengine hulificha kwa aibu. Ua wa miiba, na bomba linalopeleka maji kwenye hodhi nje ya ua ili wanawake na ng'ombe wasiingie majini, hutibu mengi ya haya kwa mara moja. Mzee alisema aliwahi kulifikiria. Mkewe alimkumbusha kwamba amelifikiria miaka sita.

Mwishoni walikubaliana. Magunia yangeondolewa kabla ya masika. Ili kufidia maji yatakayopotea, majirani wangesaidia kuondoa matope yaliyojaa chini ya lambo wakati maji yamepungua, kwa kuwa kina cha kuchimba chini si hatari kama kina cha kuinua tuta. Mjuzi wa maji angeitwa kulipima tuta, na ombi la kibali lingepelekwa afisini. Mzee alikiri kwamba halikuwahi kupelekwa. Kijana wa msikitini alipewa ruhusa ya kutumia kipaza sauti usiku ikiwa kuna hatari, akaagizwa asiseme maneno mengi. Lililobaki ni mchicha. Mahali pake palihitaji mchanga na kokoto.

Mwenyeji wetu aling'oa mwenyewe, asubuhi tuliyoondoka, akagawa mafungu. Fungu kubwa alimpa yule jirani aliyepinga. Kisha wakapatana kwamba kila siku mmoja wao, kwa zamu, atakinga maji ya pale chini katika bilauri ya kioo na kuiweka dirishani pa mwenyeji mpaka kesho yake, waone kama kuna kitakachotuama chini. Tulipozungumza naye kwa simu juma hili, masika yakiwa yameshika, alisema njia ya pembeni inapitisha maji usiku na mchana, mzee bado huyatazama kwa uchungu, na bilauri ni safi. Ilikuwa zamu ya jirani.